Nyenje Asiyelia Mwenye Masikio

Siku yangu ya kwanza katika kituo cha utafiti nilikabidhiwa ufagio wa chelewa, ndoo isiyo na mkono na agizo moja: katika chumba cha wadudu nifagie sakafu tu, mezani nisiguse kitu. Mwaka wenyewe mtauona kwenye faili langu. Mimi naukumbuka kwa gauni nililovaa, ambalo nilikuwa nimelifua kwa majani ya mpapai, kwa sababu sabuni ilipatikana kwa waliojuana na mwenye duka la ushirika.

Siku ya kuniaga, ninyi vijana mliobaki pale mliniambia kwamba kuna kisanduku kimoja chenye lebo za ajabu na hakuna aliyewahi kuwaeleza habari zake. Ni kweli sikueleza. Kila mlipouliza niliwapa kazi nyingine. Sasa sina kazi nyingine ya kuwapa, kwa hiyo naandika.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Baba alikuwa mkata mkonge kwenye shamba moja nje ya mji, mtu wa kuja kutoka bara kama wengi wa mashambani. Alikufa yeye kwanza, mama akafuata kabla hatujamaliza msiba wa baba. Mkubwa ni mimi. Niliacha shule darasa la sita, nikafanya vibarua vya kila namna, na wakati napata kazi ya kituoni nilikuwa nalea watatu, Damiani, Roza na Kaspari, kwenye chumba kimoja mtaa wa Nguvumali. Kila asubuhi niliwapanga mstari, nikawafuta nyuso kwa kitambaa kibichi na kuwafunga vifungo, hata kama shati lilikuwa na vifungo viwili tu. Hapa kwetu hakutoka mtu na uso mchafu. Tabia hiyo ndiyo iliyoniponza.

Chumba cha wadudu kilikuwa cha Mzee Faki. Kwenye karatasi alikuwa chini ya watu wanne wenye shahada, lakini hakuna hata mmoja wao aliyeingia mle bila kubisha hodi. Alikuwa Mpemba, mtoto wa wakulima wa mpunga na karafuu, aliyevuka kuja Tanga akiwa kijana na kuajiriwa kubeba nyavu za wazungu waliokamata wadudu. Nyavu alizibeba, na walichokuwa wakisemezana alikibeba pia. Miwani yake ilikuwa imevunjika mkono mmoja, na upande huo alikuwa ameifunga sikioni kwa uzi.

"Shikamoo, Mzee," nilimwambia asubuhi ile.

"Marahaba, binti. Unaogopa mende?"

"Siogopi."

"Humu hamna mende. Ukiwaita hawa mende tutagombana."

Wakati ule pini za wadudu zilikuwa hazipatikani kabisa. Mzee alitumia miiba ya ncha za mkonge, akiikausha juani wiki nzima ili isioze ndani ya mdudu. Wale wadogo ambao mwiba ungewapasua aliwagandisha juu ya vipembetatu vya karatasi ngumu, kwa gundi ya utomvu wa mkorosho uliolowekwa. Ndani ya masanduku aliweka karafuu kufukuza wadudu walao wenzao. Karafuu hizo zilivukaje bahari katika miaka ile ya vizuizi sikuwahi kuuliza, na waliouliza hawakujibiwa.

Nilifagia miezi saba bila kugusa meza, lakini nilikuwa nasikia. Mzee alifanya kazi huku akisema peke yake, na mimi nilifagia polepole kuliko ilivyohitajika. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba panzi ana papasi fupi, yaani vipapasio vya kichwani, na kwamba senene na nyenje wana papasi ndefu kama nyuzi. Senene ana pingili nne kwenye wayo, nyenje tatu. Senene hulaza bawa la kushoto juu ya la kulia, nyenje hulaza la kulia juu ya la kushoto. Nilijua pia kwamba dume hulia kwa kusugua bawa juu ya bawa, na kwamba sikio la nyenje liko kwenye muundi wa mguu wa mbele, chini kidogo ya goti. Niliposikia hiyo ya sikio nilidhani mzee amechoka na anahitaji kwenda nyumbani.

Siku moja aliniona nimesimama na ufagio, sifagii. Badala ya kunifukuza alinipa lenzi.

Kisanduku kilikuwa na nyenje kumi na wanane, wote wadogo kuliko punje ya mchele, wote kutoka mikoko ya kijito kimoja kusini mwa mji. Tisa walikuwa na mabawa mafupi yaliyojificha chini ya ngozi ya shingo. Hao wanajulikana, wanalia, na wana masikio. Tisa wengine hawakuwa na mabawa kabisa, ingawa walikuwa madume. Katika jamii ile ya mikokoni, dume asiye na mabawa kwa kawaida hana sikio pia. Hana sauti yeye, wala mwenzake hana, kwa hiyo la kusikia nini? Lakini hawa tisa wa Mzee walikuwa nalo, mguu wa kulia na wa kushoto.

"Huyu kanyimwa mdomo, kapewa sikio," Mzee alisema. "Anamsikiliza nani?"

"Labda jirani," nikasema, nikiwaangalia wale wenye mabawa.

Alinitazama juu ya miwani. "Labda. Lakini kwanza wakubwa huko nje wakubali kwamba sikio lipo."

Miaka mitatu kisanduku kile kilikuwa kikingojea kupelekwa Ulaya, kwa mabingwa wenye uwezo wa kusema kama ni nyenje mpya. Barua za majibu zilikuja, ila fedha za kigeni za kusafirishia mzigo hazikuja. Hatimaye mtafiti mmoja mgeni, aliyepita kituoni akielekea kwao, alikubali kukibeba mkononi. Angekifuata Jumatatu. Mzee, ambaye hakuwa mtu wa kucheka ovyo, Ijumaa ile alitoka msikitini akarudi na haluwa, akatugawia wote.

Jumamosi nilikuwa zamu ya usafi peke yangu. Kisanduku kilikuwa mezani, wazi, tayari kufungwa. Niliwatazama kwa lenzi nikaona wana vumbi, vumbi la rangi ya fedha kwa baadhi na la rangi ya chai kwa wengine, mwili mzima mpaka miguuni. Nikawaza: wanakwenda Ulaya, kwa watu wakubwa, na nyuso zao chafu. Palikuwa na brashi ndogo ya rangi za maji. Niliwapangusa mmoja mmoja, wote kumi na wanane, mpaka wakang'aa kama kokwa za ukwaju.

Nyenje mkavu ni kama kaki, huvunjika ukimgusa. Miguu ilianza kudondoka. Niliikusanya kwenye kisosi, nikaloweka utomvu wa mkorosho, na kwa ncha ya mwiba nikairudisha. Nilihakikisha kila mmoja ana miguu miwili ya mbele, kama ninavyohakikisha kila mdogo wangu ana kiatu cha kulia na cha kushoto. Nilimaliza saa nane mchana nikaenda nyumbani nimeridhika.

Jumatatu Mzee alikiinamia kisanduku na lenzi.

"Nani kawaosha hawa?"

"Mimi, Mzee. Sikuwaosha, niliwapangusa tu."

"Na miguu?"

"Ilianguka michache. Nimeirudisha."

"Michache mingapi?"

"Ishirini na mitatu."

"Umeirudisha wapi?"

"Palipokuwa wazi."

Alifungua uzi sikioni, akavua miwani, akatoka nje na kukaa kwenye ngazi. Bi Zaina, mpiga chapa wetu, alipita na birika lake la chai akamwona.

"Mzee, kuna msiba?"

"Upo," alisema.

Nilielezwa baadaye, na nawaeleza ninyi ili asije mwingine akarudia. Vumbi lile lilikuwa magamba. Jamii ile ya nyenje imevikwa magamba kama ya bawa la nondo, na magamba ndiyo nguo yake ya kumtambulishia. Wasio na mabawa walikuwa na magamba ya fedha, wenye mabawa walikuwa na ya rangi ya chai. Kama ningeyaacha, mguu ulioanguka ungeweza kurudishwa kwa mwenyewe kwa kufuata rangi. Bila magamba miguu yote ni sawa, na sikuwa nimeandika ipi ilianguka na ipi haikuanguka. Sasa kulikuwa na nyenje wasio na mabawa wenye miguu yenye masikio, na hakuna mtu duniani angeweza kuapa kwamba miguu ile ni yao na si ya majirani zao. Mzee alijua, kwa sababu aliwaona. Lakini kujua kwake hakungeweza kufungwa kwenye kisanduku na kutumwa.

Mgeni alifika adhuhuri. Mzee alimwambia mwenyewe kwamba mzigo hauko tayari. Hakutaja jina langu. Gari liliondoka, na mimi nilisimama nyuma ya mlango nikihesabu nyuso tatu za Nguvumali na kujiuliza nitawaambia nini jioni.

Baada ya sala ya alasiri aliniita. Alinipa kalamu ya wino na vipande kumi na vinane vya karatasi, kila kimoja kikubwa kama ukucha wa kidole gumba.

"Andika. 'Magamba yamefutwa. Miguu ya mbele imegandishwa upya na Felista. Haijulikani ni ya nani.'"

"Vyote kumi na vinane?"

"Kwani uliwaosha wangapi?"

Niliandika. Machozi yaliharibu kimoja, akanipa kingine. Nilipomaliza nikauliza, "Unanifukuza, Mzee?"

Alishika kisanduku karibu na dirisha. "Miguu ishirini na mitatu, myembamba kuliko unywele, na hakuna hata mmoja uliokaa upande. Mimi mikono inatetemeka mwaka wa pili huu, na sijamwambia mtu. Nikikufukuza nitabaki na nani? Kesho uje hapa. Ufagio atashika mwingine."

Ndivyo nilivyoingia kazini.

Dawa ilionekana rahisi: kurudi kwenye kijito kile na kuwakamata wengine. Mvua za masika zilipokatika tulikwenda, yeye na baiskeli yake, mimi na ya kuazima. Tulipofika hapakuwa na mikoko. Palikuwa na mabwawa ya chumvi, meupe, yamepangwa vizuri mpaka ufukweni, na visiki vimerundikwa pembeni vikingojea kuwa mkaa. Mzee aliinama, akachota chumvi kidogo, akaionja.

"Nzuri," alisema, tukarudi mjini.

Kuanzia hapo kila Jumamosi niliyoipata nilikwenda kwenye mikoko mingine. Hakuna aliyenituma. Zana zangu mnazijua, maana mmezikuta: mwavuli wa kugeuza chini juu, fimbo ya kukung'utia matawi, na mrija wa dripu ya hospitali wa kuwanyonyea wadudu wadogo bila kuwavunja. Nawakumbusha kuweka kitambaa mdomoni mwa mrija. Mimi niliwahi kusahau, na chungu, yule sisimizi wa mikokoni, ana ladha ya siki. Mara moja mgambo mmoja alinisimamisha njiani akitafuta bidhaa za kuvusha.

"Kwenye chupa mna nini?"

"Nyenje."

"Wa magendo?"

"Wa hapa hapa."

Aliwatazama, akanitazama, akaniambia nipite haraka.

Bi Zaina hakunisamehe kuwa na miaka ishirini na mitano bila mchumba. "Felista, wenzio wanatafuta waume," alikuwa akisema huku mashine yake inalia, "wewe unatafuta madume ya nyenje."

"Haya angalau yana miguu sita, Bi Zaina. Hayawezi kunikimbia yote kwa pamoja."

"Hayo unayavunja hiyo miguu. Ndiyo maana wanaume wanakuogopa."

Katika kutafuta yule mmoja nilijifunza wengine wote. Nilijifunza chenene wa bustani, mwenye mikono kama majembe, ambaye jike lake halina hata sindano ya kutagia. Nyenje wa mitini ni mwembamba kama bua la majani, na akiwa hai unaweza kusoma gazeti kupitia bawa lake, kama gazeti lipo. Wapo wa majanini, ambao pingili ya pili ya wayo wao imepanuka kama moyo, na ukiiona hiyo huhitaji kuangalia kingine. Nyenje aishiye kwa chungu ni wa mviringo, hana bawa wala sikio, ana mapaja manene tu, na wenyeji wake wanamlisha bila kujua ni mgeni. Nilimpenda huyo kuliko wote, labda kwa sababu nami nilikuwa nimekaa mezani kwa watu wenye shahada. Mzee alinifundisha kuanza na mguu, kwenda kwenye bawa, kumalizia mkiani, na kutokubali kutaja spishi kwa jike peke yake. Nanyi mnaopiga picha kwa simu kutoka juu, mgeuzeni mdudu. Muundi wa mbele hauonekani mgongoni.

Ruksa ya biashara huria ilipokuja, pini zilijaa na watu wakapungua. Mradi mmoja ulituletea pini za chuma pakiti kwa pakiti, na mwaka huo huo orodha ya wanaoondoka ilibandikwa ubaoni. Bi Zaina alikuwemo. Akafungua duka la nguo za mitumba Ngamiani na kunenepa. Mzee Faki alikuwa amekwisha kustaafu, anaishi Chumbageni kwa binti yake Biubwa, na macho yalikuwa yameingia ukungu. Mwanga na kivuli aliviona. Mguu wa nyenje hakuuona tena. Kila nilipokwenda kumsalimia aliuliza jambo moja: "Kapatikana?" Nami nilijibu bado, tukanywa chai.

Damiani alikuwa amekwisha kuoa wakati nilipompata nyenje wa fedha. Ilikuwa kaskazini, upande wa Moa, kwenye mikoko ambayo nilikuwa nimeipita mara mbili bila kuikung'uta kwa sababu ya matope. Alianguka kwenye mwavuli kama punje ya fedha. Dume, hana mabawa, magamba yote ya fedha. Sikuthubutu kumwangalia mguu pale porini. Nilimfunga kwenye chupa, nikapanda gari la samaki mpaka mjini, nikaenda moja kwa moja Chumbageni na hadubini ndogo ya kituo kwenye kikapu, nikiwa na matope mpaka magotini. Biubwa alitandika gazeti ili nisichafue mkeka.

"Kapatikana?" Mzee aliuliza.

"Nadhani, Mzee."

Alikaa wima. "Usidhani. Papasi?"

"Ndefu, zimezidi mwili mara mbili."

"Wayo?"

"Pingili tatu."

"Magamba?"

"Ya fedha, mpaka miguuni."

"Bawa?"

"Hana. Nimeinua ngozi ya shingo, chini hamna kitu."

"Dume, una hakika?"

"Dume."

Biubwa alikuwa ameacha kuchambua mchele. Mzee aliweka mikono yote miwili juu ya magoti ili isitetemeke.

"Sasa muundi," alisema.

Niliusogeza mguu wa kulia wa mbele chini ya lenzi. Kulikuwa na doa. Lilikuwa dogo, jeupe, lenye umbo la yai, mahali hasa ambapo sikio hukaa. Nilihamishia mwanga upande wa pili, na doa halikubadilika. Sikio la nyenje ni ngozi nyembamba iliyotandazwa kwenye tundu lenye ukingo, kama ngozi ya ngoma ya dumbaki. Ukibadilisha mwanga, ukingo hutupa kivuli. Hapa hapakuwa na ukingo wala kivuli. Yalikuwa magamba matatu yaliyobanduka, labda yaling'oka ndani ya mrija wangu. Nilihamia mguu wa kushoto. Magamba yake yalikuwa kamili, na muundi ulikuwa mzima, umefungwa.

Mzee alikuwa akisubiri, uso wake umeelekea kwangu. Aliyekuwa na macho chumbani mle, kwa kazi hiyo, alikuwa mimi peke yangu. Ningesema lipo, angelala usiku ule akiwa na nyenje wake. Na baada ya kulala hakuna ambaye angekuja kuniuliza, kwa sababu miaka miwili ya mwisho nilikuwa mimi ninayeulizwa habari za nyenje kituoni.

"Lipo?" alisema.

"Halipo, Mzee."

"Mguu wa pili?"

"Halipo. Wa kwanza una doa, ila ni magamba yametoka. Hauna ukingo."

Nje mtoto aliita wenzake, wakapita wakikimbia. Kisha mabega ya Mzee yakateremka polepole na akaegemea ukuta.

"Basi si yeye," alisema. "Huyu ni yule wa kawaida."

"Ni wa kawaida."

"Ulitamani kuniambia lipo."

"Nilitamani sana."

"Na mimi nilitamani uniambie." Alicheka, kicheko kifupi kilichoishia kwenye kikohozi. "Ningekuamini, ujue. Ningekwenda kaburini na nyenje wa kawaida kifuani, nimemkumbatia. Biubwa, mpe huyu maji ya kunawa miguu, ananuka pwani nzima."

Nilinawa. Nilipokuwa nafunga hadubini aliniuliza mikoko ile ya Moa ina urefu gani, matope yake yanafika wapi, na baada yake kuna nini. Nilimwambia kuna kijito kingine, kisha kingine tena, mpaka mpakani.

"Sasa wewe umekaa hapa unafanya nini?" alisema.

Alifariki mwaka uliofuata, kabla ya kiangazi. Wale tisa wako pale pale kwenye kisanduku, hawana jina, na lebo zangu ziko chini yao. Mgeni mmoja msomi aliwahi kunishauri niwape jina la muda, kwa heshima ya mzee. Nilimpa chai. Nanyi msiwape jina.

Vijito nimevimaliza karibu vyote. Kati ya Tanga na mpakani vimebaki viwili ambavyo sijavikung'uta, kwa sababu magoti yalikataa na kazi ya ofisini haikuisha. Sasa kazi imeisha. Magoti nimeyapaka mafuta, na Kaspari ameniletea viatu vya mpira virefu. Kupwa kukubwa ni Alhamisi.